Kaburi la Urefu Wake

Majirani zetu wa Mbuya, Kampala, hawakusema tunakwenda Ulaya. Walisema tunakwenda baridini. “Mama watoto, baridini ni lini mwaka huu?” mwenye kibanda cha mkaa aliniuliza kila mvua za Novemba zilipoanza kupungua, nami nilimjibu kama mtu anayeulizwa lini anakwenda kung’olewa jino. Tuliporudi Januari walinizunguka langoni. “Mbona hujawa mweupe? Au theluji yenyewe ilikukataa?” Tulicheka. Sasa hawaniulizi tena. Ninaandika haya kwa sababu watoto wangu wanakua, na kila mmoja ameanza kuyakumbuka kwa namna yake.

Mume wangu alikuwa mtu wa Uswisi. Alikuja Kampala kufunga mashine za kuvuta maji, akakaa, akanioa mimi, binti wa sajini, niliyezaliwa kambini na kuacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Yeye Kiswahili alikipata Kongo, alikofanya kazi kabla ya kufika kwetu. Mimi nilikipata kwenye mistari ya nyumba za askari, ambako mama wa kaskazini, wa mashariki na wa magharibi waligombania bomba moja na walihitaji lugha moja ya kutukanana. Basi tuliongea Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha kambini, na watoto wetu wawili, msichana na mvulana, wakazaliwa ndani yake. Kampuni yake ilimpa ruhusa ya kwenda kwao mara moja kwa mwaka pamoja na familia. Yeye aliichagua Desemba, kwa sababu mama yake alikuwa mjane na hakutaka awe peke yake Krismasi.

Nguo za baridi nilizinunua soko la Nakawa kwa mama mmoja wa mitumba. Alipofungua bunda lake aliniwekea makoti mazito chini ya meza, kwani Kampala nzima hakuna mwingine aliyeyataka. “Haya ni ya kwako,” alisema, “na ya yule mwanamume anayefungua jokofu la samaki Ggaba.” Mwaka wa kwanza nilifika kwa mama mkwe nimevaa koti la kijani lenye vifungo vya mfupa. Mama mkwe aliigusa kola, akaipindua, akasoma kitambaa kilichoshonwa ndani, kisha akacheka mpaka akakaa. Mume wangu alinieleza kwamba koti lile lilishonwa na duka la mji wa pili kutoka pale, duka lililofungwa zamani. Lilikwenda mpaka Nakawa na mimi nimelirudisha. Tangu siku hiyo mama mkwe alinipenda kwa namna yake. Hatukuwa na lugha. Alikuwa na yake tu, ambayo watoto wangu waliiokota kwa baba yao, nami nilikuwa na Kiswahili, lugha ya kwetu, na Kiingereza cha kutosha kununua vitu. Tulikaa jikoni tukimenya viazi. Akitaka nimenye zaidi aligonga meza kwa kisu, akitaka niache aliinua kidole.

Sitasema nilizipenda safari zile. Jua lilitoka likiwa limechoka, na watu hawajamaliza kunywa chai ya alasiri limeshazama nyuma ya mlima. Nyumba zilifungwa madirisha. Ungeweza kukaa kutwa nzima bila kusikia sauti ya jirani. Mume wangu na watoto walipanda mlimani na vyombo vyao vya kutelezea, wakarudi na mashavu mekundu, wakivua viatu kwa kelele. Mimi niliteleza mara moja. Alinishika mikono yote miwili, akawa anarudi kinyumenyume mbele yangu kama anayemfundisha mtoto kutembea. Nilianguka nikamwangusha na yeye.

“Mama, umeanguka kama gunia la unga wa posho!” mwanangu alipiga kelele kutoka juu.

“Gunia la posho halilalamiki,” baba yake alisema, akiwa chini yangu bado.

Nilichokipenda kilikuwa siku zetu mbili. Kila mwaka, baada ya Krismasi, mama mkwe alibaki na watoto na sisi wawili tulipanda treni kwenda mji mdogo kando ya ziwa. Kwao ni jambo la kawaida, mke na mume kwenda mahali peke yao kama wachumba. Kwetu kambini, mume na mke wakionekana wanasafiri bila watoto, watu wangeuliza nani amekufa. Mara ya kwanza niliona aibu hata kumtazama yule mwanamke wa mapokezi. Hoteli ilikuwa na bwawa la maji ya moto yaliyotoka ardhini yenyewe, nje, katikati ya theluji, na watu wazima walikaa humo mpaka shingoni wakitoa mvuke.

“Ingia, mama watoto. Hakuna mamba.”

“Mamba nawajua. Hawa wazee nusu uchi ndio siwajui.”

Niliingia. Theluji ilituangukia vichwani na miili ilikuwa motoni. Hakuna mtu aliyekuwa akimwita baba, hakuna aliyekuwa akimpigia simu kwamba mashine imekufa. Aliniuliza mambo ya utoto wangu ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuuliza Kampala. Nikasema moyoni kwamba kumbe watu hawa wana akili.

Katika safari moja kama hiyo tulipita kwenye makaburi ya mji ule. Yalikuwa safi kuliko sebule yangu. Juu ya mawe machache palikuwa pamebandikwa vibao vidogo, nikamwuliza vinasema nini. Akasoma kwamba jamaa za marehemu wanaombwa kufika ofisini, muda unakaribia kuisha.

“Muda gani?”

“Wa kaburi. Huku kaburi ni la kupanga. Miaka ikiisha, jiwe linaondolewa, anawekwa mwingine.”

“Wanamfukuza?”

Alicheka mpaka mvuke ukamtoka mdomoni kama sufuria. “Ndiyo, huku hata maiti ana mwenye nyumba.” Halafu akaacha kucheka. Tulikuwa tumenunua kiwanja kidogo kwenye mteremko juu ya Ggaba, na nyumba yetu ilikuwa imefika madirishani. “Mimi utanizika kwetu,” akasema. “Kiwanjani. Pale hakuna wa kunidai kodi. Niahidi.”

Nilimwahidi. Tulikuwa wawili tu, kwa Kiswahili, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekielewa. Hakumwambia kaka yake wala mama yake. Alikuwa mwenye afya, na mtu mwenye afya haendi kuwaambia watu mambo kama hayo.

Alikufa Desemba iliyofuata, nyumbani kwa mama yake, asubuhi, kabla ya kifungua kinywa. Theluji ilikuwa imeanguka sana. Alitoka na koleo kusafisha ngazi ili mama yake asiteleze. Nilikuwa jikoni na mama mkwe, nikisikia koleo linavyokwaruza jiwe, kisha sikulisikia tena, nikadhani amemaliza. Mama mkwe ndiye aliyetazama dirishani. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, koleo katikati ya magoti, kama mtu anayepumzika. Mama mkwe aligonga kioo kwa kisu cha viazi. Akagonga tena. Nilitoka na soksi tu. Nilipomshika bega aliniegemea, na uzito ule niliutambua. Nimeosha maiti za kutosha kambini. Watu wa gari la wagonjwa walikuja, wakahangaika naye pale kwenye theluji, wakasimama.

Walimchukua siku hiyo hiyo kwenda kumweka kwenye chumba cha baridi kando ya kanisa. Kwetu maiti hulala nyumbani kwake, katikati ya watu. Lakini nilikuwa kwao, nikawaacha wamchukue.

Hapa lazima nieleze mila ya watu wa baba yangu, kwani bila hiyo hakuna atakayeelewa. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa chini, bila viatu, mgongo ukutani. Hapangi mazishi, hasemi kuhusu mazishi. Wenye maiti ni ukoo wa mume. Wao huzungumza pembeni, na kabla hawajaamua, humtuma mmoja wao, mara nyingi mwanamke mtu mzima, aje akae chini karibu na mfiwa na kumwuliza kwa sauti ndogo, mume wako alikuachia neno gani? Hapo ndipo unasema. Ukisema kabla ya kuulizwa, watasema ulikuwa unangojea afe.

Basi nilivua viatu nikakaa chini sebuleni, karibu na jiko la kuni, nikangoja waje kuniuliza.

Hawakujua ninangoja nini. Mama mkwe aliniletea kiti. Nilipokataa akaleta mto. Nilipouweka pembeni akaleta supu, halafu akamleta daktari, aliyenipa vidonge. Shemeji yangu, kaka yake mdogo, alikuja na mke wake kutoka mji mwingine. Walizungumza jikoni, mlango umefungwa nusu, kwa sauti za chini. Nilifarijika. Nilisema, ndivyo inavyotakiwa, ukoo unakaa. Kisha shemeji akatoka, akachuchumaa mbele yangu, macho yamevimba, akaniambia kwa Kiingereza kwamba kila kitu kinashughulikiwa, nisijisumbue na chochote. Maneno hayo hayo wazee wa kwetu huyasema mwanzoni, kabla ya kumtuma mtu. Niliitikia kwa kichwa. Akaniletea karatasi, akanionyesha mahali pa kupiga saini, nikapiga. Angenisomea kama ningemwomba. Sikumwomba. Akaniuliza kama ninataka kumwona mara ya mwisho, akanipeleka kule kwenye chumba cha baridi, akauweka mkono wangu juu ya mkono wa mume wangu. Alikuwa amevaa sweta la buluu alilofumiwa na mama yake. Njiani kurudi shemeji akasema, “Alhamisi wanampeleka mjini.” Uwanja wa ndege uko mjini. Nilisema asante.

Baadaye niliambiwa kwamba kwao mtu anayetaka jambo hulisema. Asiposema, wanaheshimu ukimya wake na kumpunguzia mzigo. Walikuwa wakinipunguzia mzigo.

Siku ya ibada nilivaa nguo nyeusi za mke wa shemeji. Kanisa lilijaa. Mbele palikuwa na meza, na juu ya meza picha ya mume wangu akicheka, maua, mshumaa, na chombo cha udongo cha rangi ya kijivu chenye mfuniko. Nilitafuta jeneza. Nilitazama pembeni, nikatazama nyuma mlangoni, nikadhani wataliingiza. Watu walianza kuimba. Binti yangu, aliyekuwa darasa la saba, alikaa kulia kwangu. Nilimwinamia.

“Baba yuko wapi?”

Alielekeza kidevu mezani. “Mama. Ni kile.”

“Kipi?”

“Kile chombo.” Alinishika mkono. “Nilifikiri unajua. Bibi aliniambia mama amekubali.”

Kumbe mjini ndiko walikompeleka kuchomwa, na mle mlikuwa na majivu yake. Kwetu hatuchomi watu. Moto ni kitu ambacho adui anakufanyia. Shangazi yangu alichomewa wanawe ndani ya nyumba wakati wa vita vya kaskazini, na mpaka leo hawezi kusimama karibu na jiko la mkaa linalopulizwa. Nilikaa mle kanisani mpaka mwisho, nikiwa nimemshika mwanangu mdogo kwa nguvu hata akasema, “Mama, unaniumiza.” Watu wote walinipa mkono mlangoni, nami nikaupokea kila mmoja.

Chombo hakikuzikwa siku ile. Ardhi ilikuwa imeganda, na shemeji alitaka tuamue kwa utulivu. Tulikaa mezani jikoni, wakubwa wote na binti yangu. Nikamwambia shemeji kile ambacho ningemwambia siku ya kwanza kama angeniuliza, kwamba ndugu yake alitaka alazwe Ggaba, kiwanjani kwetu, mwili wake. Aliweka uso mikononi. Alilia kama mtoto, akasema hakujua, akasema mbona hukusema.

Alipotulia akasema jambo ambalo kwake lilikuwa la huruma. Akasema tunaweza kugawana. Huko wanaruhusu. Nusu ya majivu ibaki hapa kwenye kaburi la baba yao wao wawili, ili mama awe na mahali pa kwenda, na nusu niende nayo Kampala. Alionyesha kwa mikono yake miwili juu ya meza, huku na huku, kama mtu anayegawa mkate.

“Hapana,” nilisema.

“Ni jambo la kawaida,” akasema taratibu.

“Hapana. Mtu hagawanywi.”

Mama mkwe aliuliza tumesema nini. Hakuna aliyetaka kumwambia. Binti yangu ndiye aliyemtafsiria, huku akitazama mikono yake. Mama mkwe alimsikiliza, akauliza jambo moja, binti akanigeukia.

“Bibi anauliza, baba alikuambia hivyo mwenyewe? Kwa mdomo wake?”

“Mwambie ndiyo. Kwenye makaburi ya ule mji wa ziwani. Mwambie hakuna shahidi.”

Nilijua ninachomwomba. Alikuwa na wana wawili, na huyu ndiye aliyerudi kila Desemba. Nikimchukua mzima mzima, yeye atabaki na ngazi tu. Nilijiandaa akatae. Kama angekataa ningemwachia mzima, kwa sababu nusu nisingeiweza, na ningerudi Mbuya bila kitu na kuwaambia wazee nimeshindwa ahadi. Hilo nilikuwa nimeshaliamua pale mezani.

Mama mkwe aliinuka. Alikwenda dirishani akasimama akitugeuzia mgongo. Kisha akasema maneno machache bila kugeuka.

“Anasema mchukue,” binti alisema. “Mzima mzima. Anasema yeye aliolewa akaletwa huku, na mume wake amelala alipoomba kulala. Anasema hataki kumwona mtu yeyote leo.”

Akatoka, akapanda chumbani. Tangu siku hiyo mpaka tunaondoka alinipikia, alinifungia skafu shingoni, lakini hakuniita jikoni kumenya viazi.

Mume wangu nilimbeba kwenye mkoba, magotini, safari nzima. Uwanja wa ndege wa Entebbe, askari wa mizigo aliniambia niufungue.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni mume wangu.”

Alidhani ninamtania, akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mwanangu. Alitazama karatasi nilizopewa na shemeji, akazirudisha kwa mikono miwili. “Pita, mama. Pole sana.” Nilipopita nilisikia anamwambia mwenzake, na yule mwenzake akasema, “Acha uongo!”

Baba yangu alikwisha kufa. Mwenye neno alikuwa baba mdogo, askari mstaafu anayeishi Nakawa, na shangazi, yule niliyemtaja, aliyeletwa kutoka kaskazini na basi. Walikuja Mbuya na wazee wengine wa kambini waliomjua baba. Waliingia wakilia, kama inavyopasa, wakatafuta maiti kwa macho. Nilikuwa nimekiweka chombo juu ya kitanda chetu, kwenye shuka nyeupe. Kilio kikakatika.

“Mwanangu, yuko wapi?” baba mdogo aliuliza.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, hata saini.

Shangazi alirudi nyuma mpaka mlangoni. “Mwanamume mrefu vile! Mwanamume aliyekuwa akiinama kuingia mlango wangu! Mmemrudisha kwenye kopo la majani ya chai?”

“Dada, nyamaza,” baba mdogo alisema.

“Sinyamazi. Waliochoma wanangu walikuwa waasi. Hawa ni mama yake!”

“Kwao ni heshima, shangazi,” nilisema.

“Na wewe? Kwako ni nini?”

Sikutaka kumdanganya. Nilisema, “Kwangu ni moto.”

Wazee walikaa uani kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Wengine walisema aliyechomwa hawezi kuwekwa ardhini mpaka patafutwe mtu wa kuondoa nuksi. Mmoja alisema tuchimbe shimo dogo kando ya ukuta, yaishe, watu warudi kazini. Baba mdogo alisikiliza sana. Alisema vitani aliwazika watu waliobaki kiatu tu, na wengine bila hata kiatu, na hakuna aliyerudi kumsumbua. Kisha akasema mkwe wao ana kiwanja chake na ahadi ya mke wake, na atazikwa kesho. Shangazi alisema atakuja kwa ajili yangu, siyo kwa ajili ya kile chombo.

Asubuhi tulikwenda Ggaba. Vijana wa mtaani walikuwa wameshaanza kuchimba, kama desturi. Nilipofika nikaona walichokichimba. Lilikuwa shimo la mviringo, la kina cha goti, kama la kupandia mche wa mgomba. Walikuwa wamesimama wakifuta majembe, wamemaliza.

Mimi ni mfiwa. Nilitakiwa kukaa kwenye mkeka na shangazi, nitazame chini. Baba mdogo alikuwa amesimama karibu na shimo na ningeweza kumngoja anigeukie. Nilisimama.

“Chimbeni urefu wake,” nilisema.

“Keti, wewe!” shangazi alinivuta gauni. “Watu wanakutazama.”

“Wanitazame.”

Kijana mmoja alinitazama, akatazama chombo mikononi mwa baba mdogo. “Mama, kwa hiki?”

“Kwa mume wangu. Chimbeni kama mngeletewa mtu.”

“Tutachimba mpaka jioni. Chini ni mawe matupu.”

“Chimbeni mpaka jioni.”

Vijana walimtazama baba mdogo. Baba mdogo hakunikemea. Alimkabidhi binti yangu chombo, akapima kwa hatua zake kwenye nyasi, akafikiri, akaongeza kidogo. “Alinizidi kichwa kizima,” aliwaambia. “Anzieni hapa.” Walivua mashati. Chini ya udongo mwekundu palikuwa na changarawe, na chini ya changarawe mwamba mgumu uliolirusha jembe. Wazee walichoka kungoja, wengine wakaondoka. Shangazi alibaki. Mchana aliondoka kwenye mkeka, nikadhani anakwenda zake, kumbe alikwenda kwa jirani kuwaombea vijana maji ya kunywa.

Shimo lilipofika kifuani mwa mchimbaji, na urefu wa mtu kuanzia upande hadi upande, baba mdogo alishuka mwenyewe. Binti yangu akampa chombo. Alisimama nacho mle chini akigeuka huku na huku.

“Kichwa kinakaa upande gani?” aliuliza.

Kwetu kila mtu anajua kichwa kinakaa upande gani. Mchungaji tuliyemwita aje kuomba alikuwa ameshika kitabu chake akitazama mbali.

“Mweke katikati,” nilisema.

Alimweka katikati. Alikitengenezea kitako kwa kiganja ili kisiiname, akapanda juu kwa kusaidiwa. Watoto walitupa udongo wao, nami nikatupa wangu. Chombo kilionekana kidogo sana mle, na nafasi iliyobaki pande zote mbili ilikuwa kubwa. Sikuondoa macho mpaka kilipofunikwa.

Mvua za kwanza zilipokuja tuta lilibonyea. Kaburi lenye jeneza huinuka, kwa kuwa mwili unachukua nafasi yake na udongo unabaki. Hili halikuwa na cha kuliinua. Likawa sawasawa na ardhi, na mtu asiyejua angepita juu yake. Nilikwenda na karai nikachota udongo kwa fundi anayechimba msingi wa jirani, nikaliinua tena. Likashuka tena. Binti huniambia tuweke saruji yaishe. Labda tutaweka. Jumapili mama mkwe hupiga simu, na binti hutafsiri. Huuliza watoto wamekula nini, huuliza kama mvua imenyesha. Nikimwambia imenyesha, huuliza kama nimekwenda kaburini. Nami humwambia nimekwenda, kwa sababu huwa nimekwenda.